Ubao wa kaboni na raba ngumu ya Kichina: mbona mipira yangu inaishia wavuni?

#1 MvutoWaJioni (Dar es Salaam)
Habari zenu wanajamvi. Kwa miaka minne nimecheza mpira wa meza kwa raketi moja tu, yaani ubao wa Stiga Allround Classic wenye raba za Yasaka Mark V zenye sponji ya milimita 2.0 pande zote mbili, na sikuwa na malalamiko mpaka mwezi uliopita, kaka yangu anayeishi Nairobi aliponipa raketi yake aliyokuwa ameacha kuitumia. Ubao ni Butterfly Timo Boll ALC, yaani wenye nyuzi za arilati na kaboni kati ya matabaka ya mbao. Foahendi (upande wa kiganja) ina raba ya Kichina, DHS Hurricane 3 nyeusi yenye sponji ya ugumu wa 39, na bekihendi (upande wa mgongo wa mkono) ina Tenergy 05 nyekundu iliyochoka kidogo.

Nilidhani nimepanda daraja. Kumbe mpira ule ule niliokuwa nikiuvuta kwa topspini, yaani mzunguko wa kwenda mbele, ukatua mezani bila wasiwasi sasa unagonga wavu karibu mara nne kwa kila kumi, na nikijaribu kuuinua unatoka nje. Bekihendi haina shida hiyo. Je, raba na ubao havipatani, au vinapatana ila mkono wangu ndio haujavifikia? Naomba majibu ya watu waliowahi kubadilisha vifaa, si ya waliosoma maneno ya kwenye boksi.

#2 Kijijini Ujerumani
Salaam ndugu. Namba 39 isikudanganye. China, Japani na Ujerumani hazitumii kipimo kimoja cha ugumu wa sponji, ndiyo maana sponji ya Kichina iliyoandikwa 39 ni ngumu kuliko ya Kijerumani iliyoandikwa 47.5, huku Tenergy 05 yako, ambayo kwa kipimo cha Kijapani ni 36, ikiwa karibu zaidi na hiyo ya Kijerumani. Umebeba raketi yenye nyuso mbili zisizojuana. Tenergy inaupokea mpira, inabonyea, kisha inaurusha kwa upinde mrefu hata kama umeupiga kivivu. Hurricane haikupi kitu usichokipa. Ukiipiga kwa mwendo mdogo, mpira haufiki kwenye sponji, unagusa ngozi ya juu tu na kuondoka chini.

Sasa ongeza ubao. Katika Timo Boll ALC nyuzi za arilati na kaboni zimewekwa mara tu chini ya ngozi ya nje ya mti wa koto, kwa hiyo mpira unazikuta mapema na kuondoka mapema. Raba inayotaka muda imewekwa juu ya ubao usiotoa muda. Watoto ninaowafundisha hapa kijijini hawagusi mchanganyiko huo kabla hawajacheza ligi misimu kadhaa, na wazazi wao hununa.

#3 BintiKaboni (Mombasa)
Kwa heshima zote, mwalimu wa Ujerumani, sikubaliani. Fan Zhendong, bingwa wa Olimpiki ya Paris 2024, amejulikana miaka mingi kwa ubao wa ALC na Hurricane 3 kwenye foahendi. Mimi mwenyewe natumia Viscaria, ambayo mpangilio wa mbao zake ni kama wa huo Timo Boll ALC, nikiwa na raba ya Kichina, na mipira yangu inavuka. Raba ngumu inahitaji ubao wenye nguvu kwa sababu yenyewe haina mwendo. Ukiiweka kwenye ubao mlegevu utapata spini nyingi na mpira usiomtisha mtu. Mchanganyiko wako ni sahihi. Kinachokosekana ni miguu na kiuno.

#4 Mzee wa Vipele (Tanga)
Binti yangu, Fan Zhendong hatoki kazini saa kumi na mbili jioni akapanda daladala mbili ndipo afike mezani. Raketi ya mtu anayelipwa kucheza ni zana ya kazi yake. Yako ni ya kukutoa jasho. Mimi naingia mwaka wa 22 na ubao wa polepole, raba laini upande mmoja na raba yenye vipele virefu juu yake upande wa pili, na vijana wenye kaboni huniletea mipira yao wenyewe nikawarudishia ikiwa na spini kinyume. Bwana Mvuto, rudi kwenye Allround yako.

#5 Raketi Mbili (Nairobi)
Kuna jambo hamjaligusa, nalo ni hewa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyembamba kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Topspini hushusha mpira kwa sababu mpira unaozunguka unaisukuma hewa nayo hewa inausukuma mpira chini. Hewa ikiwa chache, mpira unachelewa kushuka. Kila nishukapo Mombasa kwa mashindano, siku ya kwanza mipira yangu hufa mapema, na wenzangu wa pwani wakija huku mipira yao hupita mwisho wa meza. Raketi hiyo ilipangwa na mtu wa Nairobi.

#6 Maalim Sponji (Unguja)
Bwana Raketi Mbili, maelezo yako ya hewa ni mazuri, lakini raketi haina kumbukumbu ya milima. Anayeipiga ni mtu wa Dar es Salaam, mwenye mkono uliojengwa Dar es Salaam, ambaye mwezi huo huo kwa Mark V alikuwa akivusha mipira katika hewa hiyo hiyo.

Mimi natazama unyevu. Raba ya Kichina hunata. Ndiyo sifa yake na ndiyo balaa yake huku kwetu. Jioni ya masika, ukumbi ukiwa na watu na madirisha yamefungwa, ngozi ya raba inayonata hushika ukungu mwembamba usioonekana, na mpira badala ya kushikwa unateleza. Mpira ukiteleza juu ya raba iliyoinamishwa kwa ajili ya topspini, hauna njia nyingine ila wavuni. Vuta pumzi uipulizie raba, uifute kwa kiganja kikavu, kisha upige mipira kumi. Halafu fanya vivyo hivyo asubuhi ya siku kavu.

#7 BintiKaboni
Maalim, Mombasa ina unyevu kama Unguja na raba yangu inanata kama yake. Na mbona Tenergy yake haitelezi katika ukumbi ule ule?

#8 Maalim Sponji
Kwa sababu Tenergy haishiki mpira kwa kunata, inaushika kwa kubonyea. Mpira unazama, ngozi inaukumbatia, na ukungu mdogo hauna nguvu hapo. Kuhusu raba yako, sijui unaifuta mara ngapi. Pengine wewe ni msafi kuliko yeye.

#9 Raketi Mbili
Kumbukumbu haiko kwenye raketi, Maalim, iko kwenye uchaguzi. Mtu anayecheza mahali mpira unapochelewa kushuka atachagua foahendi yenye upinde mfupi, kwani upinde mrefu ungempeleka nje. Ukiichukua foahendi hiyo ukaipeleka pwani, ambako hewa yenyewe inaushusha mpira, umeushusha mara mbili. Mark V ina upinde wa wastani, ndiyo maana ilimstahimili.

#10 Fundi Gundi (Arusha)
Kabla hatujamaliza fizikia yote, naomba aliyeuliza ajibu mambo matatu. Raketi nzima ina uzito gani? Raba ya foahendi ilibandikwa lini na nani? Na ukiitazama kwa ubavu, je, inafika ukingoni mwa ubao?

#11 MvutoWaJioni
Asante Fundi. Uzito nimepima kwa sonara jirani yangu, ambaye alinicheka, na mizani yake imesoma gramu 194. Raketi yangu ya zamani ni gramu 176. Raba zote mbili zilibandikwa na kaka. Mimi sijagusa kitu. Foahendi haifiki ukingoni. Nilidhani imekatwa vibaya, lakini pengo linazunguka pande zote, kama milimita mbili, na mahali pake naona alama ya gundi ya zamani.

#12 Fundi Gundi
Hapo ndipo nilipopatilia shaka. Raba iliyokatwa vibaya huwa na pengo upande mmoja. Raba yenye pengo pande zote, na gundi iliyobaki pale ilipokuwa zamani, imesinyaa, na Hurricane 3 haisinyai namna hiyo bila sababu. Sababu ninayoijua mimi ni mafuta ya kutanulia sponji, yanayopakwa chini ya sponji kabla ya kubandika. Sponji inavimba, inakuwa laini, raba inajikunja kama chapati, inabandikwa ikiwa imetanuka, na kwa wiki kadhaa inacheza kama kitu kingine kabisa. Mafuta yakikauka, raba inarudi udogoni, sponji inakuwa ngumu kuliko ilivyozaliwa, na upinde unaanguka. Ndugu, huenda hujawahi kuicheza raba ambayo kaka yako aliicheza.

Niongeze kwamba mafuta hayo hayaruhusiwi. Sheria za shirikisho la kimataifa, ITTF, zinataka raba itumike bila kutibiwa kwa kemikali wala kwa njia nyingine.

#13 Mzee wa Vipele
Hayo ndiyo yale ya gundi ya mwendo, iliyokuwa ikivimbisha sponji na kunuka ukumbi mzima kama karakana ya magari. Nakumbuka ilipigwa marufuku baada ya Olimpiki ya Athens.

#14 Kijijini Ujerumani
Mzee, shikamoo, ila mwaka si huo. Athens 2004 bado walikuwa wakibandika kila siku. Gundi zenye vimumunyisho vinavyovukiza zilikatazwa kuanzia Septemba 2008, baada ya Beijing, na mwaka huo huo ndipo Butterfly walipotoa Tenergy 05, raba yenye mvutano wa ndani iliyokuja kuziba pengo la gundi hizo. Vipele virefu visivyo na msuguano navyo vilikatazwa mwaka 2008, jambo ambalo nadhani wewe unalikumbuka vizuri zaidi.

#15 Mzee wa Vipele
Marahaba. Nalikumbuka, na sitaki kulizungumzia.

#16 Mtoto wa Katanga (Lubumbashi)
Jambo kwenu wote. Mnazungumza kuhusu ubao wa kaboni kana kwamba ni chuma. Sheria inataka angalau asilimia 85 ya unene wa ubao iwe mbao ya asili, na kila tabaka la nyuzi lisizidi asilimia 7.5 ya unene wote au milimita 0.35, kile kilicho kidogo zaidi. Ubao wa ndugu yetu una matabaka matano ya mbao na mawili tu ya nyuzi. Chini ya nyuzi hizo kuna limba, na limba ni mti wa kwetu Kongo, katika misitu ya Mayombe, ingawa toka huku Katanga mpaka kule ni nchi nzima ya kuvuka. Ayous, inayojaza kiini cha mbao nyingi za Ulaya, ni ya Kameruni na Afrika Magharibi, na koto pia ni mti wa Afrika. Tunauza magogo, tunanunua raketi.

Nikirudi kwenye swali: ngozi ya nje ya koto ni ngumu, na ngozi ya nje ya limba ni laini. Nilipohama kutoka ubao wa kwanza kwenda wa pili, nikiwa na raba zile zile, mipira yangu iliacha kugonga wavu. Sikubadilisha kaboni, nilibadilisha ngozi ya nje. Zipo mbao za ALC ambazo nyuzi zimesogezwa ndani karibu na kiini na nje kumewekwa limba. Pengine kinachokusumbua ni milimita moja ya juu tu.

#17 Mshale wa Muscat
Nachangia kidogo kutoka Omani. Kumbi zetu zina kiyoyozi na hewa kavu, raba za Kichina zinanata vizuri mno, na bado nilikuwa na ugonjwa wa wavuni kama wa MvutoWaJioni. Chanzo nilikigundua baadaye: niliacha raketi ndani ya gari mchana wa Julai. Sponji ilikuwa nzima kwa macho, lakini ngozi ilikuwa imekufa, na hapakuwa na kuifuta wala kuipulizia kulikoirudisha. Muulize kaka yako alikuwa akiihifadhi wapi. Na kama utanunua raba mpya, mimi ningechukua ya bluu, ila sheria inataka nyekundu na nyeusi.

#18 Kijijini Ujerumani
Ilikuwa hivyo zamani. Tangu Oktoba 2021 upande mmoja lazima uwe mweusi, na wa pili unaweza kuwa mwekundu, waridi, zambarau, kijani au bluu. Bluu yako ni halali. Hofu niliyo nayo ni bei, si rangi.

#19 BintiKaboni
Nadharia zimekuwa nyingi kuliko meza. Afanye jaribio. Gundi ya maji inabanduka taratibu bila kuumiza ubao ukianza kwenye pembe ya chini na kuvuta kwa mshazari. Hurricane ihamie kwenye Allround, na Mark V moja ihamie kwenye Timo Boll ALC, apige mipira mia kwa kila moja. Hurricane ikigonga wavu hata kwenye Allround, raba ndiyo yenye kosa. Mark V ikigonga wavu kwenye kaboni, ubao ndio wenye kosa.

#20 Fundi Gundi
Asisahau gramu 18. Mkono uliozoea gramu 176 ukibebeshwa 194 huchelewa kufika, na anayechelewa huupiga mpira ukiwa tayari unashuka. Hilo nalo linaishia wavuni, bila kumuuliza mtu kuhusu koto wala limba.

#21 MvutoWaJioni
Nimerudi na majibu, na sijui kama yamesaidia. Nilimpa rafiki kazi ya kunilishia mipira jioni mbili mfululizo, zote bila mvua.

Hurricane kwenye Allround: mipira iliyogonga wavu ilipungua mpaka kama mmoja kwa kila sita, spini ilikuwa kali, lakini mpira ulikuwa mfupi na mwepesi, na rafiki yangu alikuwa akiupiga smashi akitabasamu. Mark V kwenye Timo Boll ALC: foahendi ilivuka bila shida yoyote, hata nilipochoka, ila kila nilipozuia topspini yake mpira wangu ulipita mwisho wa meza kwa shubiri. Nilipulizia pumzi Hurricane kama Maalim alivyoagiza, na ilipofutwa ilinata zaidi kwa mipira mitano au sita, kisha ikarudi ilivyokuwa. Raketi ya kaboni yenye Mark V foahendi ilipima gramu 188, kwa hiyo uzito nao ulibadilika katikati ya jaribio, jambo ambalo Fundi atalishika.

#22 Mzee wa Vipele
Kwa hiyo ubao wa polepole umepunguza makosa. Si nilisema?

#23 BintiKaboni
Mzee, soma tena. Mark V juu ya kaboni ilivuka bila shida. Ubao umetoka mahakamani ukiwa huru.

#24 Kijijini Ujerumani
Ubao haujawa huru, dada. Umeachiwa kwa dhamana, kwa sababu sasa unamrushia mipira nje anapozuia. Hurricane iligonga wavu kidogo ilipopewa ubao unaoukalisha mpira, na ubao wa kasi ulitulia ulipopewa raba laini. Hilo ndilo nililosema katika #2: kila kimoja kinaweza kuishi na mtu, ila hivi viwili haviwezi kuishi na mtu huyu kwa pamoja. Ningemshauri abaki na Timo Boll ALC, foahendi aweke Mark V ya milimita 1.8 badala ya 2.0, apunguze uzito na nguvu ya raketi kuurusha mpira kama manati, kwa mkupuo mmoja.

#25 Fundi Gundi
Na nitalishika kweli. Jaribio limetumia Hurricane iliyosinyaa, si Hurricane. Tumehukumu maiti kwa makosa ya aliyekuwa hai. Akope Hurricane mpya ambayo haijapakwa kitu, ndipo tujue.

#26 Raketi Mbili
Na majaribio yote mawili yamefanyika usawa wa bahari.

#27 Mpiga Bao (Nairobi)
Hamjambo. Mimi ndiye kaka mwenyewe. Nimetumiwa uzi huu na mtu wa klabuni. Nianze na Fundi: ni kweli, niliipaka mafuta Hurricane mara moja, safu moja nyembamba, yapata miezi minane iliyopita, kwa ajili ya mazoezi tu. Lakini mafuta yalikauka ndani ya miezi miwili, raba ikasinyaa kama mlivyoona, na mimi niliendelea kuicheza hivyo hivyo kwa miezi mitatu zaidi na kufika nusu fainali ya klabu. Haikuwa maiti. Haikuwahi kuachwa garini, ilikaa kabatini na karatasi zake za plastiki. Uzito haunisumbui kwa sababu mimi nina mwili mkubwa kuliko mdogo wangu. Kuhusu hewa siwezi kusema, kwa maana sijawahi kucheza pwani, ila ni kweli nilichagua Hurricane kwa sababu Tenergy kwenye foahendi ilikuwa ikinipeleka nje.

Mdogo wangu siku zote hupiga topspini akiwa amesimama wima. Hilo nalijua tangu tulipokuwa tukichezea meza ya kulia chakula kwa kava za daftari.

Mwisho, naona mwalimu wa Ujerumani anakushauri ubaki na ubao. Ndugu yangu, ule ubao sikukupa, nilikuazima.

#28 MvutoWaJioni
Shikamoo kaka. Hurricane nitairudisha na basi la Ijumaa. Ubao tutazungumza kwa simu.